Mpaka Usio na Mashahidi

Siku ya kwanza kazini, pale Columbus, Marekani, nilifika nimevaa buti. Nilifunzwa upimaji wa ardhi Dar es Salaam, na barua ya ajira ilisema kazi ni ya mipaka, sasa mtu angevaa nini? Mkurugenzi wa Ramani, mzee mrefu mwenye sauti ya upole, aliyatazama yale mabuti, akacheka, akanionyesha kiti na kompyuta mbili.

"Hapa hatupimi ardhi," alisema. "Tunapima watu."

Nawaeleza vijana, maana siku hizi kazi hii hufanywa na programu. Kila jimbo la Marekani hugawanywa katika wilaya za uchaguzi, na kila wilaya hupeleka mbunge mmoja Washington. Sheria inataka wilaya zilingane kwa idadi ya watu. Mengine, kwa sehemu kubwa, ni mkono wa mchoraji. Kampuni yetu ilikodiwa na chama cha siasa, na chama kilitaka viti. Kwenye skrini kila kitalu cha sensa, yaani kipande cha nyumba chache tu, kilikuwa na rangi kulingana na kura zake za nyuma. Ukikibofya kinahamia wilaya nyingine. Njia zetu zilikuwa mbili. Kusonganisha ni kuwajaza wapinzani wote katika wilaya moja, washinde humo kwa kishindo na kwingine kote washindwe. Kupasua ni kuwagawa vipande vipande, kila kipande ukakitia kwenye wilaya ya watu wengine walio wengi, kikamezwa. Niliimudu kazi kwa mwezi mmoja na, sitawadanganya, niliifurahia. Ni kama kucheza bao na mtu asiyejua kwamba mnacheza.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Louisville, chini ya Meneja wa Mradi, mama asiye na maneno mengi. Nikapanga nyumba mtaa wa South End, karibu na duka la Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, aliyeuza unga wa muhogo, sambaza kavu, dagaa wa kwao, na vitenge. Furaha, binti yake, alikuwa bado Burundi, katika kambi ya wakimbizi, na shangazi yake. Walipotezana wakati wa kukimbia vita. Picha yake akiwa na mapengo ya meno ilibandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Mama alikwisha kupata uraia. Yeye na majirani, Wakongo na Warundi, walikwenda kupiga kura pamoja na kwenda pamoja ofisini kwa mbunge wao. Msaidizi mmoja pale alilifuatilia kila mwezi faili la maombi ya kumleta Furaha, kwa sababu alijua watu hawa ni wengi na hawakosi siku ya kura.

Mtaa huo ndio niliopewa kuupasua.

Mpima hachori mpaka asioutembea. Ni mazoea tu, hakuna aliyeniagiza. Jumamosi moja nilichukua karatasi yangu nikaanza kuufuata mstari kwa miguu. Nilipofika mbele ya duka, Mama Furaha, aliyenijua kama mpima ardhi tu, alitoka.

"Papa mupimaji! Bon, haya, leo unapima hapa kwetu?"

Kabla sijajibu alikwisha kumwita Mzee Salvatori, Mrundi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, naye akatoka na ndala zake. Wakasimama, mama upande huu, mzee upande ule.

"Kwetu, bila majirani hakuna mupaka," alisema Mama Furaha. "Donc, kwa hiyo, sisi tuko. Weka jiwe."

Alikuwa sahihi. Hata sisi Tanzania tulifundishwa hivyo: jirani wa huku na jirani wa kule waje, walione jiwe likifukiwa, watie saini. Na mstari kwenye karatasi yangu ulipita katikati yao. Lakini kibali changu cha kuishi kilitegemea kampuni, na kazi yetu ilikuwa ya siri. Nikasema daktari ameniambia nitembee. Mzee Salvatori akaniombea afya njema. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo.

Jumatatu nilipeleka mchoro wa pili. Mstari ulifuata reli, hesabu ya watu ililingana vilevile, na mtaa ulibaki mzima. Meneja aliupitia, akanirudishia.

"Huu ni mpaka mzuri," alisema. "Sikukuomba mpaka mzuri."

Mchoro wa kwanza ndio uliopita. Mimi sikuacha kazi.

Baada ya uchaguzi Mama Furaha alinijia na barua: faili la Furaha limehamishiwa ofisi nyingine. Upande wake wa barabara sasa ulikuwa na mbunge mwingine, ambaye ofisi yake iko mwendo wa saa mbili, na yeye haendeshi gari. Akaniomba nimpeleke. Tulipoyapita mashamba ya mahindi nilishindwa kujizuia, nikamweleza yote.

"Donc ile siku tulisimama pale, mimi na Salvatori, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na juu ya nini hukusema?"

Nikamweleza habari za kibali. Aliisoma upya barua yake mpaka tukafika. Msaidizi mpya hakuwa mtu mbaya. Aliuliza jina la mtaa, akaliandika vibaya, kisha akampa fomu za kuanza upya.

Wakati wa kurudi ndipo aliponijibu. "Jiwe huwezi kulitoa. Lakini unaweza kusema mbele ya watu nani aliliweka."

Ilinichukua miaka. Nilipata uraia, nikahamia kampuni nyingine Buffalo, iliyofanya kazi na chama cha upande wa pili. Nilijiona nimeokoka. Wiki ya kwanza Mkuu wa Idara akaniwekea ramani mezani, akataka mtaa wa Kensington-Bailey upasuliwe. "Wenzetu wanafanya," alisema, "tusipofanya sisi ni wajinga." Rangi tu ndizo zilizobadilika, nami nikachora.

Siku ya wananchi kutoa maoni juu ya ramani hiyo, kila msemaji alipewa dakika tatu. Nilisimama nikasema ramani ile niliichora mimi, nikataja mitaa niliyoipasua na sababu yake. Nikaanzia Louisville, kwa Mama Furaha na Mzee Salvatori. Wiki iliyofuata nilistaafu, neno ambalo ofisi ililipenda kuliko mimi. Ramani ilirekebishwa mitaa miwili tu. Nilimpigia simu Mama Furaha. "Bon," alisema, "umechelewa, lakini umesema."

Sasa ninaishi mtaa wa Riverside, hapa hapa Buffalo, natembea kando ya mto, safari hii kweli kwa amri ya daktari. Programu inachora ramani elfu moja kabla chai haijapoa, na sina ugomvi nayo. Ila ninyi mnaoiendesha, utembeeni mstari kwanza. Wapo watu watakaotoka nje wasimame huku na huku, na mtalazimika kuwajibu.

Mwaka jana Furaha alifika. Nilisafiri hadi uwanja wa ndege wa Louisville kumpokea. Mama yake alimshika mkono, akamleta mbele yangu.

"Huyu ndiye papa mupimaji. Mustari yake ndiyo ilikuchelewesha. Musalimie, ni mjomba wako."

Furaha akanipa mikono yote miwili, kama mtoto aliyelelewa vyema. Yule wa pichani mwenye mapengo alikuwa mwanamke mtu mzima, tena mrefu kunizidi.