Karatasi ya Ukutani kwa Mama Mulwa

Mtu akiniambia niliota, humwuliza swali moja tu: na ndama je, naye niliota? Maana ndama alizaliwa, akakua, akazaa, na wajukuu wake bado wanakunywa maji kwenye mto wetu wa mchanga kule Matinyani. Kisa hiki nimekisimulia Kibwezi, nimekisimulia Tawa, na kila mahali miguu yangu iliponifikisha. Wengine hucheka. Wewe ukitaka kucheka, ngoja kwanza nimalize.

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu kulikuwa na karatasi moja iliyojulikana kuliko wimbo wa taifa. Ilikuwa ndani ya fremu ya mbao, ukutani nyumbani kwa Mama Mulwa. Mwanawe wa pekee, Mulwa, alikuwa ameondoka muda mfupi kabla ya uhuru kwenda Bulgaria kusomea udaktari wa wanyama. Mwanzoni aliandika barua kwa Kikamba, nzuri, ndefu. Kisha zikakoma. Baada ya mwaka hivi ikaja bahasha kubwa, na ndani yake karatasi moja tu. Herufi zake hazikuwa kama zetu, na chini kulikuwa na mhuri mwekundu wa duara.

Mama Mulwa hakujua kusoma. Akaipeleka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akaigeuza, akairudisha, akaishika juu dirishani. Nadhani aliona aibu kusema hajui.

"Mhuri kama huu si wa mchezo," akasema. "Hii ni digrii."

Basi seremala akatengeneza fremu, mchungaji akatoa shukrani kanisani, na tangu siku hiyo kila mtoto aliyekaribia mtihani alipelekwa kuiangalia. Mimi pia nilipelekwa. Tulisimama watoto kumi na wawili, miguu imejaa vumbi.

"Angalieni vizuri," Mama Mulwa akatuambia. "Hiyo haikununuliwa dukani."

Mmoja wetu akauliza mbona daktari harudi. Akajibu bila kufikiri, "Ng'ombe wa wazungu hawana likizo."

Siku hiyo nikaamua kuwa daktari wa wanyama. Sikutaka kitu kingine. Na nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya sabini imeanza, nikapata nafasi ya kwenda nchi ile ile.

Niamini nikikwambia sikujua ninakokwenda. Mwaka wa kwanza ni lugha tu. Baada ya hapo nilijifunza mifupa ya farasi kwa Kilatini, ikafafanuliwa kwa Kibulgaria, nikaiandika daftarini kwa Kiingereza, nikaielewa usiku kitandani kwa Kikamba. Baridi nayo ni kama mtu anayekuchukia. Viatu vyangu vya Kitui vilipasuka wiki ya kwanza ya theluji. Kwenye mazizi yao, saa kumi na moja asubuhi, vidole vilikuwa havisikii kitu, na sisi wanafunzi tulikuwa na mzaha wetu: mahali pekee penye joto nchini ni ndani ya ng'ombe. Nilikohoa tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, kila mwaka.

Je, nilimtafuta Mulwa? Nilimtafuta. Chuoni kwangu hakuna aliyelijua jina lake. Wakaniambia kuna chuo kingine, mji wa mbali. Nikasema nitaenda, na sikuenda.

Mwaka wa tatu tukapewa mtihani wa kuzalisha. Ng'ombe alikuwa ameshikwa na uchungu muda mrefu. Miguu miwili ya ndama ilionekana, kichwa hakionekani. Mimi nikafanya tunavyofanya kwetu. Nikafunga kamba, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mwalimu akapiga kelele, "Chakai! Chakai!" Maana yake subiri. Sikusubiri. Kichwa cha ndama kilikuwa kimekunjwa nyuma, na jinsi nilivyovuta ndivyo nilivyomvunja shingo. Akatoka amekufa. Mwalimu hakunitukana. Alinipa taulo, akaniambia nitarudia mtihani baada ya likizo.

Nikaja nyumbani likizo hiyo, na moyoni nilikuwa nimekata shauri kwamba sirudi tena. Sikumwambia mtu. Mama yangu, Ndunge, alikuwa akinitambulisha sokoni kama daktari. Nilikaa wiki tatu bila kwenda kumsalimu Mama Mulwa, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba sikumwona mwanawe, na kwamba mimi mwenyewe nimeshindwa?

Watu husema mambo haya hutokea usiku. Hili lilitokea saa saba mchana, mwezi wa tisa, jua likiwa juu ya kichwa na majani yote yamekauka. Nilikuwa natoka dukani na kipande cha sabuni. Nikateremka mtoni ili nikate njia. Kivulini mwa mgunga alilala ng'ombe mwekundu, amenyoosha shingo, anakoroma kwa maumivu. Kando yake alichuchumaa mwanamume aliyevaa koti zito la sufi, kola imesimama hadi masikioni. Na alikuwa anatetemeka.

Nilidhani ana malaria.

"Wakya," akanisalimu, kama mkubwa anavyomsalimu mdogo wake.

"Aa," nikaitikia.

"Una sabuni. Vizuri. Nawa mikono uje."

"Ng'ombe ni wako?"

"Ni wetu. Hebu nawa, kijana, huyu hana muda wa hadithi."

Palikuwa na kisima kilichochimbwa mchangani hatua chache kutoka hapo. Nikanawa mpaka viwikoni. Nilipopiga magoti nikaona miguu miwili ya ndama imetoka, na kichwa hakionekani. Nikasimama.

"Mzee, mimi siwezi. Tafuta mtu mwingine."

"Mtu gani? Unamwona nani hapa?"

"Basi fanya wewe."

Akanionyesha viganja vyake. Vilikuwa vya rangi ya majivu. "Mikono yangu ni baridi," akasema. "Nikimgusa anaruka. Nimejaribu tangu asubuhi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka.

Nikapiga magoti tena, nikaishika ile miguu, na Mungu ni shahidi, mikono yangu ikaanza kuvuta yenyewe.

"Chakai," akasema.

Sijui kama unaelewa. Neno hilo nililiacha kwenye zizi la theluji, upande mwingine wa dunia. Nikageuka nikamtazama. Midomo ilikuwa imepasuka, na kwenye nyusi zake kulikuwa na kitu cheupe nilichodhani ni vumbi.

"Usivute," akaendelea kwa Kikamba. "Kwanza msukume arudi ndani. Weka kiganja kifuani mwake. Mama akijikamua, wewe tulia. Akipumzika, sukuma. Haya, sasa."

Nikasukuma. Ndama akarudi ndani, nafasi ikapatikana.

"Fuata shingo. Imekunjwa upande gani?"

"Kushoto."

"Kamata mdomo. Funika meno kwa kiganja chako yasimchane mama. Umepata? Sasa mlete, polepole. Usimharakishe, hata yeye hajui anakokuja."

Sijui ilichukua muda gani. Mkono ulikufa ganzi hadi begani, jasho likanipofusha. Kisha kichwa kikageuka. Nilikisikia kikigeuka, kama mlango uliokwama unavyofunguka ghafla. Ng'ombe akajikamua, mimi nikamsaidia kidogo tu, na ndama akateleza mchangani, jike, mweusi, mzima, anapiga chafya.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Yule bwana naye alicheka, meno yakigongana.

"Umefaulu," akasema. "Sasa nenda nyumbani kwa mwaitu, kwa mama yangu, umwambie ng'ombe wake amezaa. Kuna karatasi ukutani. Wewe unajua kuisoma. Isome kwa sauti, asikie."

Hapo ndipo nikamjua. "Wewe ni Mulwa! Umerudi!"

Aliuliza tu, "Unavaa soksi ngapi kule?"

"Moja."

"Vaa mbili. Na hicho kikohozi usikidharau."

Nikaenda kisimani kunawa damu. Nilipogeuka, palikuwa na ng'ombe akimlamba mwanawe, basi. Nikaita. Nikadhani ameenda kujisaidia nyuma ya mti. Nikagusa mchanga alipokuwa amechuchumaa. Jua la saa saba, ndugu yangu, na mchanga ule ulikuwa umelowa, baridi kama maji ya mtungi. Hata hapo sikuogopa. Furaha ilikuwa imenijaa. Nilikimbia.

"Mama! Mama Mulwa! Ng'ombe amezaa! Na Mulwa amerudi, yuko mtoni, ndiye aliyenifundisha!"

Kama kuna kitu nitakachojibu mbele ya Mungu ni hiki. Kwa sababu yule mama, aliyekuwa anachagua mbaazi kwenye ungo, alisimama na mbaazi zote zikamwagika. Aliingia ndani akaanza kupangusa kiti. Akaweka chai motoni. Akaniita kutoka jikoni, sauti yake kama ya msichana:

"Mwana wa Ndunge, amekonda?"

"Kidogo, mama."

"Amevaa nini?"

"Koti."

"Koti, na jua hili! Huyo ni Mulwa. Alipokuwa mdogo alilala na blanketi hata mwezi wa pili." Akacheka. "Huyo jogoo mwekundu, mshike usimwachie."

Mimi nilikuwa nimeingia sebuleni. Nikakumbuka nilichoagizwa, nikainua macho ukutani kuisoma digrii ya Daktari Mulwa, mimi wa kwanza Matinyani nzima kuweza kuisoma.

Mstari wa juu ulikuwa na herufi kubwa. Nikausoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa hati ya kifo. Jina lake, jina la baba yake, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Mapafu. Mwezi wa pili, katikati ya baridi yao.

Fikiria. Watoto wa sehemu nzima tulisimama mbele ya kile kifo tukaahidi kusoma kwa bidii.

Ningeweza kunyamaza. Wewe ungefanyaje? Ningeweza kusema ni digrii, nikatoka, nikamwachia chai yake motoni. Lakini niliambiwa niisome asikie, na aliyeniambia alikuwa anatetemeka juani. Mama Mulwa akaingia na vikombe viwili. Nikamwomba akae. Nikaisoma kwa Kibulgaria kwanza, sijui kwa nini, labda nilikuwa natafuta muda. Kisha nikaisoma kwa Kikamba.

Hakupiga ukemi. Aliweka vikombe chini, kimoja kimoja.

"Na huyo wa mtoni?" akauliza.

"Mama, nilimwona. Mikono yake ilikuwa baridi."

Chai ikafurika jikoni, tukaisikia ikizima moto. Ndipo akasema, "Miaka yote hii amesimama nje, na mimi nilikuwa nimemtundika ukutani."

Jioni hiyo mama yangu alipata habari. Alichukua pasi yangu ya kusafiria, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati, akafunga, akaketi juu yake. "Nenda sasa," akaniambia. Sikubishana. Nakiri hata nilishukuru kidogo, na shukrani hiyo imenisumbua mpaka leo. Maana mikono yangu ilikuwa imeshajifunza, ningeufaulu ule mtihani.

Nilimwandikia mwanafunzi mwenzangu aliyebaki kule, naye, tofauti na mimi, alipanda treni akaenda mji ule wa mbali. Baada ya miezi akatuma bahasha yenye udongo mweusi wa kaburini, kiasi cha kujaza kikombe. Mchungaji alikwama. "Mama, hakuna ibada ya bahasha," akasema. Mama Mulwa akamjibu, "Mlitoa shukrani kwa kifo chake kanisani, na ibada hiyo mliipata kitabu gani?" Mchungaji akavaa joho. Tulimzika kando ya zizi, na yule ndama mweusi akatuchungulia kati ya fito.

Hati aliitoa kwenye fremu. Mahali pake akaniambia niandike kwa Kikamba, herufi kubwa, Mulwa alikuwa nani na alikufaje. Na kila kijana aliyepata nafasi ya kwenda ng'ambo alilazimika kupita kwake. Hakumpa wosia mrefu. Alimkalisha, akampa kalamu na karatasi: "Andika jina la mamako, soko lenu, na shule ya karibu. Kwa lugha yetu. Weka ndani ya koti, usiitoe, ili likikupata jambo wajue pa kuleta habari."

Mimi sijatulia tangu wakati huo. Nimefanya kazi kwenye majosho, nimechunga ng'ombe wa watu, nimezalisha ng'ombe wengi katika sehemu hizi bila cheti cha mtu yeyote. Kila ninapoingiza mkono na kukuta kichwa kimekunjwa, nasikia nyuma yangu mtu anatetemeka, meno yanagongana, na ninasubiri. Sijampoteza ndama kwa kosa lile tena. Mama Mulwa alipofariki aliniachia fremu. Iko ndani ya begi langu hata sasa.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto ng'ambo, usitundike ukutani karatasi usiyoijua inasema nini. Kama mwalimu hajui, mwambie aseme hajui. Na siku moja mchana ukikuta mtu amevaa koti la baridi katika jua letu hili, usimkimbie. Mkaribie, umwulize mama yake ni nani.