Mtoto wa Mgongoni

Kwa bomba la maji, Mama Osewe alitwambia Filister amerogwa: kila asubuhi anafunga nguo kuukuu mgongoni kwa leso na kuzibembeleza kama mtoto.

Filister ni jirani yangu hapa mtaani Kisumu Ndogo. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara kule Kawangware 56, na leseni hajawahi kuimudu. Mimi nilijua hajarogwa. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakivamia wachuuzi, wengi hutupwa kwa lori, lakini mama aliyebeba mtoto mara nyingi huachwa, maana hakuna anayetaka kilio cha mtoto seli.

Jana alirudi na beseni tupu, mdomo umevimba. Askari mmoja alikuwa amevuta leso, nguo zikaanguka.

"Na huyu mtoto wako amekuwa sweta lini, mama?"

Wenzake walicheka, wakamwaga omena zake kwa mtaro na kuzikanyaga.

Nilimpa chai, hakuigusa. Alikuwa akimtazama Adhis wangu akinyonya.

"Mama Adhis," akaniambia polepole, "kesho niazime huyu. Nitamfunika jua lisimchome, na giza likikaribia nitakuwa nimemrudisha."