Mama Kohoa na Mapafu Yaliyonyamaza

Marehemu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale hospitalini lilibaki kwenye beji tu. Wagonjwa, wafagizi, hata daktari bingwa wa mapafu, wote walimwita Mama Kohoa. Hakununa. "Wengine wanaitwa waheshimiwa na hawajamsaidia mtu hata kupiga chafya," alikuwa akisema nyumbani, na mumewe akicheka mpaka miwani inamdondoka. Mungu amrehemu, nyumba ile sasa imepoa.

Ujanani alitaka kuwa muuguzi, ila damu ilimtia kizunguzungu. Ndipo akasomea tiba ya viungo, akapangiwa wodi ya waliopandikizwa mapafu, na hapo akaota mizizi. Alifundisha watu wazima kuvuta pumzi, kuketi, kusimama, na zaidi ya yote kukohoa. Maana mapafu ya kupandikizwa yana jambo lake: mishipa yake ya fahamu imekatwa, kwa hiyo hayawashi. Makohozi yanaweza kujaa ndani, na mwenye nayo asihisi kitu, akawa anatabasamu tu. Inabidi akohoe kwa ratiba, kama anavyomeza dawa, bila kungoja kusikia haja.

Basi akaletewa mchonga mawe. Vumbi la kazi lilikuwa limemla mapafu yote mawili. Upasuaji ulikwenda vizuri, mashine ya kupumulia ikaondolewa, akahamishiwa chumba chake peke yake. Kimya. Mkewe aliketi pembeni na barakoa yake, akimshukuru Mungu kwa kimya kile.

"Mzee, tumekohoa leo?" Mama Kohoa aliuliza.

"Tumekohoa, mwalimu."

"Nani na nani? Maana mimi nimekohoa peke yangu huko nje."

Muuguzi wa zamu aligeukia ukuta kuficha kicheko. Mzee akajikohoza kidogo, kikohozi cha mwizi aliyejificha chini ya kitanda, akafunga mdomo.

Ikawa hivyo kila siku, hadi asubuhi moja daktari bingwa akaingia na picha ya kifua. "Hapa chini kulia pameziba," alisema. "Nampa mpaka mchana. Ikishindikana nitamlaza usingizi, nipitishe mrija wenye kamera nimsafishe. Ila akirudi kwenye mashine, sina hakika kama atatoka tena."

"Niachie mimi, daktari," akasema Mama Kohoa. Hakuwa anajigamba. Alikuwa ameshasali kwenye ngazi, sala yake fupi ya kila siku: Mungu wangu, mikono ni hii.

Alimketisha mzee wima, akamshika mbavu. "Vuta. Shikilia. Tupa!"

Mzee hakutupa kitu. Macho yalimjaa maji. "Mwalimu, nimekohoa mpaka majirani wakahama. Kwenye ibada nilikuwa nakaa nje, nisisumbue watu. Leo Mungu amekinyamazisha, unataka nimwambie amekosea?"

Mkewe naye akasimama. "Dada, nisamehe, usimrudishie ugonjwa. Ile sauti nimeilalia na kuiamkia. Tumefunga na kuomba iondoke."

Mama Kohoa akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe akiwa kazini.

"Mlichokiombea kimeondoka, wifi yangu. Kimekwenda na mapafu ya zamani. Yale yalikuwa yanamkohoza yeye. Haya, yeye ndiye atayakohoza. Mungu amempa mapafu, ila mishipa ya kumwamsha imekatika. Kazi ya mishipa tumeachiwa sisi tuliomo humu ndani."

Mke wa mzee akaichukua picha aliyoiacha daktari. "Huu weupe ndio makohozi?"

"Ndio."

"Na yeye hasikii?"

"Hasikii hata chembe."

Mke akaenda kwenye sinki, akanawa mikono hadi viwiko kama alivyoona wauguzi wakifanya. Akachukua mto, akaubana juu ya kidonda cha upasuaji kifuani mwa mumewe, akamkumbatia nao.

"Baba watoto, kohoa."

"Utachukia."

"Nilichukia ulipokuwa unanifia. Sasa kohoa, nakusikiliza."

Mzee akavuta pumzi. Cha kwanza kikawa cha mwizi tena. Cha pili kikatikisa kitanda. "Usiuachie mto!" Mama Kohoa alihimiza, viganja vyake vikitetemesha mbavu za mgonjwa. "Tupa! Tupa, mzee, hapa hakuna jirani!" Mzee akakohoa, akakohoa, shingo imesimama mishipa, mpaka donge zito kama gundi likaangukia kwenye bakuli la muuguzi.

Wote wakaliinamia.

"Ni kubwa?" mzee aliuliza, anahema, jasho linamtiririka.

"Lingekuwa jiwe ungeliuza," akajibu Mama Kohoa.

Mchana daktari akaweka kipimo chake upande wa kulia, akasikiliza, akasikiliza tena. "Hewa inaingia," alisema, akamwambia muuguzi arudishe mrija stoo.

Jioni Mama Kohoa akapita tena kumkohoza mzee. Mlangoni akamkuta mkewe, mto umeshabanwa kwapani.

"Wewe nenda kwa wengine, dada," akaambiwa. "Huyu nitamkohoza mwenyewe."

Mama Kohoa akaenda chumba cha pili.