Rangi Kwenye Meno ya Vyura

Asumani alirithi patasi za babu yake aliyetoka Maniema. Katika mtaa uitwao Kenya, mjini Elisabethville, alichonga vyura wa mti wa mukula: tumbo tupu ndani, mgongo wenye meno. Ukipitisha kijiti juu ya meno hayo, chura analia kama wale wa mtoni mvua inapoanza. Kila mmoja alikaushwa miezi miwili juu ya jiko la mkewe Mwajuma, na hakuna aliyetoka nyumbani kabla hajalia vizuri.

Mwaka wa pili wa dola ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, karani wa serikali, Émile, alichukua vyura kumi na wawili kwa maonyesho ya wageni. Jumamosi akamwita Asumani ukumbini aje kuwapiga vyura hao.

Asumani alipofika mezani, alimwinua chura mmoja, akamgeuza. Vyura walikuwa wamepakwa rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na kijani, rangi nzito ya milango, hata katikati ya meno. Ilikuwa bado inanata.

"Nani alifanya hii?" Asumani akamuuliza karani.

"Ni miye. Sasa beko bazuri. Mbele ya rangi balikuwa sawa kuni ya kupikia bukari."

"Ulibafunga kinywa, patron."

"Bageni banakuya kuangalia, hapana kusikiliza. Piga tu, papa."

Wageni wakasogea. Asumani akapitisha kijiti. Kikateleza, kikatoa sauti ya kiatu kwenye sementi. Mzungu mmoja akatabasamu kwa huruma. Émile akamwinamia, akasema kwa Kifaransa, ambacho Asumani alikielewa vizuri, "Msamehe, monsieur. Bado anajifunza."

Miaka thelathini na moja ya kushika patasi. Hasira ikampanda Asumani mpaka masikio yakawaka. Akatoa kisu mfukoni, akamlaza chura kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, akaanza kukwangua, jino moja moja.

"Acha, unachafua meza."

"Si ulisema niko najifunza? Basi wacha nijifunze."

Émile akamnyang'anya kisu. Asumani akaendelea kwa kucha, mpaka ukucha wa kidole gumba ukapasuka. Kisha akachukua kijiti. Chura akalia kwa sauti nzito, mara tatu.

"Encore," akasema yule mzungu, akitaka kusikia tena.

Asumani hakumtazama. Alimbana chura wake kwapani, akamgeukia karani.

"Hawa kumi na moja ni bako. Bakiuliza nani alibachonga, taja jina yako."

Akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni.