Mzee Raha na Kioo cha Saluni

Mtaa mzima ulimwita Mzee Raha, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi. Ukimwendea fundi huyu wa vioo na shida zako, alikukatia kioo huku anakuhubiria: furaha ya kweli inatoka ndani, bwana, anayeingoja itoke nje atangoja mpaka achoke. Mfano wake wa kila siku alikuwa mkewe. Huyu, alisema, alingoja nyumba iishe ndipo afurahi, kisha watoto wamalize shule, sasa anangoja paa liache kuvuja. Wateja walicheka. Mkewe aliendelea kufagia vigae vya vioo.

Kisha kiharusi kikampitia mzee, kikamwachia ulimi na kuondoka na mkono wa kulia.

Hakuacha kutabasamu. Alitabasamu hospitalini, akatabasamu nyumbani, mpaka mashavu yakamuuma. Leo mwenye saluni alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja kioo cha ukutani alichoagiza kabla ya ugonjwa. Bamba la kioo la ukubwa ule lilibaki moja tu. Likivunjika, karakana inafungwa. Hilo mzee na mkewe walishakubaliana na watoto wao.

"Nitakata mimi," mkewe akasema.

"Wewe, mama?" mzee akauliza.

"Wewe utanielekeza."

Akachovya kikatio kwenye mafuta, akakiweka penye alama. Mzee alikaa kwenye stuli, mkono umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

"Mara moja tu, usirudie. Ukirudia mstari, kioo kinapasukia kinakotaka chenyewe. Na usikandamize."

"Nimekuona miaka yote, baba watoto."

Gurudumu dogo la kikatio likaanza kulia juu ya kioo. Jasho lilimtoka mzee. Mstari ulinyooka, na kadiri ulivyonyooka ndivyo mzee alivyozidi kuung'ang'ania ukingo wa stuli kwa mkono wa kushoto. Alidhani ni hofu. Wapi! Alitaka kioo kivunjike. Alitaka kwa moyo wake wote kimwagike sakafuni, mwenye saluni ashike kichwa na kusema kweli fundi alikuwa mmoja tu.

Mkewe akalisogeza bamba mpaka mstari ukalingana na ukingo wa meza. Akashusha pumzi. Akabonyeza.

Kioo kikaachana vipande viwili, safi kabisa. Mwenye saluni akapiga makofi. Mkewe akacheka, tena kicheko ambacho mzee hakuwa amekisikia tangu ujana wao. Na yeye, mwalimu wa furaha, akainamisha kichwa akalia.

Mwenye saluni alipotoka kwenda kutafuta wabebaji, mkewe akachuchumaa mbele ya stuli.

"Ni machozi ya furaha," mzee akasema.

"Acha uongo."

Mzee akatazama mlango, akatazama meza, akakosa pa kutazama.

"Nilikuwa naomba kivunjike."

"Najua. Nilikuwa nimeinamia kioo, mume wangu. Uso wako wote niliuona humo."

Aibu ikamchoma mzee mpaka masikioni. "Basi sikuwa na furaha yoyote ndani. Ilikuwa hapa," akasema, akiugusa mkono uliokufa. "Nimewadanganya watu maisha yangu yote."

"Na mimi maisha yangu yote nikadhani ni mimi tu niliyepungukiwa," mkewe akajibu, bila hasira.

Akaketi sakafuni, akauegemeza mgongo kwenye mguu wa mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, mzee akauacha uso wake upumzike.