Jezi za Mabingwa wa Kwingine

Hebu wazieni meza ya fundi cherehani pale mtaa wa Asiatique, imejaa jezi za raga. Zilitoka Uingereza, kwa klabu ya wachezaji wasiolipwa, na kifuani zimetariziwa kwa Kiingereza kwamba hao ni mabingwa wa daraja lao la jimbo. Nilikuwa nimepeleka suruali nilipomwona nahodha wa timu ya wasichana wa mtaa wa Kinanira, waliozipata jezi hizo, akigusa maandishi hayo kwa kidole.

“Papa, toa hii yote. Mechi ni kesho.”

“We mutoto! Nani atasoma Kiingereza mu kiwanja?”

“Mi nasoma. Hao walishinda kwao. Siye hatujashinda kitu.”

Fundi alicheka, akachukua wembe, akafumua maandishi ya jezi zote mpaka jioni.

Jumatatu nilimkuta nahodha palepale, jicho limevimba, lakini anacheka meno yote nje. Walikuwa wameshinda mechi yao ya kwanza!

“Basi nirudishe maneno?” fundi akamtania.

“Apana, papa. Mechi moja si ubingwa. Achia siye nafasi.”

Mkiwaona uwanjani, tafadhali kumbukeni kwamba kifua kile cha jezi kisicho na maandishi kimeachiwa nafasi ya ubingwa wao wenyewe.