Kadi ya Shali

Mfungaji zawadi wa duka la vitabu huwaandikia kadi wateja walioishiwa maneno. Kidole gumba chake kimegeuka buluu kwa kufutia kalamu, na kila sentensi huinong'ona kwanza, kama mpishi anayeonja mchuzi. Jana nilimpelekea shali ya kumpa dada yangu, ambaye hatujasemezana naye tangu tumzike mama.

“Niandike nini, dada?”

“Kwamba nimekosa, kaka. Anisamehe.”

“Basi tuyabane maneno, kadi yenyewe ndogo.”

Akaandika polepole, akanigeuzia kadi nitie sahihi. Kisha akainyoosha kalamu juu ya bega langu, akainamisha kichwa kwa adabu.

“Shikamoo, mama. Nawe tia sahihi hapa chini.”

Nilikuwa nimekuja peke yangu. Sikugeuka. Nilisogea kidogo tu, apate nafasi mezani.